Mota ya Susu

Shemeji yangu ni fundi magari, Tanga. Mtoto wao wa kwanza alipozaliwa, alimtengenezea susu kwa mikono yake: fremu ya mbao zilizobaki kwenye kazi ya kitanda, kamba nne za katani, na godoro dogo la sponji ambalo dada yangu alilishonea foronya ya kanga. Wiki ya tatu akaniita uani. Mkononi ameshika mota ya waipa aliyoing'oa kwenye gari bovu, bado ina grisi.

"Shemeji, hii nikiifunga pale, susu inajibembeza yenyewe," akasema. "Wewe si unasoma sana? Hebu kaniangalizie kama kuna watu wameshafanya hivi, nisije nikahangaika na kitu kilichokwisha kugunduliwa."

Tukaongea volti, tukaongea betri, tukaongea namna ya kufanya umeme ukikatika usiku. Nusu saa nzima. Hatua tatu kutoka tulipokuwa tumesimama, binti aliyekuwa akiishi nao kusaidia kazi za nyumbani amekaa kwenye mkeka, mgongo ukutani, mguu mmoja kaunyoosha hadi kwenye ukingo wa susu. Alikuwa akiisukuma kwa kidole gumba cha mguu, huku macho yamefumba. Katika nusu saa ile hakuna aliyemuuliza kitu.

Nilikwenda kusoma. Jibu la swali la shemeji lilikuwa jepesi: ndiyo, wameshafanya, tena wengi. Lakini nilirudi na swali jingine ambalo yeye hakuniuliza. Kabla ya mota, kazi hii ilikuwa ya nani?

Tuanzie Italia. Mwaka 79 mlima Vesuvius ulilipuka ukauzika mji wa Herculaneum. Karne nyingi baadaye wachimbaji walikuta humo susu ya mbao iliyogeuka mkaa, yenye vigongo vya mviringo chini vya kuyumbia, na ndani yake mabaki ya mtoto mchanga. Ukiitazama picha yake huoni ajabu yoyote. Unaweza kuiona kwa seremala yeyote leo. Mbao, basi, hazijabadilika sana kwa takribani miaka 2,000. Kilichobadilika ni kinachozisukuma.

Miaka 17 baada ya mlipuko ule, mshairi wa Kirumi Martial alitoa kitabu chake cha 11 cha tungo fupi. Katika utungo mmoja msemaji anamlalamikia Charidemus, mtu aliyemlea tangu utotoni na ambaye bado anamkaripia kama mtoto, wakati mwenzake ameshaota ndevu. Ni utungo wa kuchekesha. Kilichonifanya niusome mara mbili ni neno moja. Msemaji anapotaka kusema kwamba Charidemus ndiye aliyekuwa akiitikisa susu yake, anamwita *motor*. Kwa Kilatini maana yake ni mwenye kukisogeza kitu, mwenye kukitikisa. Neno lilelile tunalolitumia kwa kile chuma chenye grisi mkononi mwa shemeji lilikuwa, takribani miaka 1,900 iliyopita, jina la mtu. Na kazi ya ulezi wa aina ile, katika nyumba za Warumi wenye uwezo, ilikuwa ya watumwa au ya watumwa walioachwa huru.

Kiswahili nacho kina siri kama hiyo, ila tumeisahau. Kamusi za zamani zinalo neno mlezi kwa maana mbili: yupo mlezi ambaye wingi wake ni walezi, yaani mtu, na upo mlezi ambao wingi wake ni milezi, yaani kitanda cha kuning'iniza cha mtoto. Mtu na chombo wanatofautiana kwa silabi moja tu, tena katika wingi. Ukisema "mlezi" peke yake, anayekusikiliza hajui kama unamtaja anayebembeza au kinachobembezwa.

Nadhani hapo ndipo lilipo jambo zima. Susu haijawahi kukosa mota. Mota yake ilikuwa mtu, na mara nyingi mtu ambaye hakuna aliyemuuliza kitu.

Wafalme walilijua hili wakaliandika kwenye orodha za watumishi. Katika nyumba ya kifalme ya Uingereza, tangu enzi ya Henry VII, taratibu za chumba cha mtoto wa mfalme zilitaja wanawake wanne ambao cheo chao kilikuwa hichohicho: wabembezaji. Wanne kwa mtoto mmoja! Mahesabu yake si magumu. Mtoto mchanga haheshimu usiku wala mchana, na mkono wa mtu unachoka. Ukitaka susu isisimame, unahitaji zamu. Mwenye fedha anaajiri wanne, na asiye nazo anamtafuta mtu mmoja asiyeweza kukataa.

Huyo mmoja ndiye Anton Chekhov alimwandika mwaka 1888, katika hadithi fupi ambayo jina lake kwa Kirusi linabeba maana ya kushikwa na usingizi. Varka ana miaka 13. Ni mtumishi kwa fundi viatu. Mchana anafua, anamenya viazi, anachemsha chai, anatumwa dukani. Usiku anabembeza susu, na mtoto halali. Akisinzia anapigwa. Chekhov anatuweka ndani ya kichwa chake mpaka na sisi tunaanza kuona vivuli ukutani. Mwisho wake ni kwamba Varka anamtafuta adui anayemzuia asilale, anampata, anamnyonga mtoto, kisha anajilaza sakafuni akicheka kwa furaha na kulala fofofo. Hadithi haina hakimu. Wala haimlaumu mtu kwa sauti. Ukiifunga unabaki kuhesabu watu wazima waliokuwa ndani ya nyumba ile wamelala.

Nilipoimaliza niliwaza kile kidole gumba cha mguu pale uani.

Basi mashine ziliingiaje? Ziliingia polepole, kupitia saa. Galileo aliandika katika barua ya mwaka 1602 juu ya kitu kinachoning'inia na kuyumba: muda wa kwenda na kurudi unabaki uleule, kiyumbe sana au kidogo. Mwaka 1656 Christiaan Huygens akatumia kanuni hiyo kutengeneza saa ya pendulumu. Ndani ya saa hiyo kuna kitu kidogo kinachoipa pendulumu msukumo mdogo kila inapopita, kwa wakati wake, isisimame. Ukifikiri vizuri, hiyo ndiyo kazi ya mbembezaji. Haibebi susu. Anaisubiri irudi, anaigusa, anaiacha iende. Haishangazi kwamba katika karne ya 19 wavumbuzi wa Marekani walijaza ofisi ya hataza kwa michoro ya susu zenye springi na magurudumu ya saa. Mwaka 1955 kampuni ya Graco ikaingiza sokoni pembea ya mtoto ya kutia ufunguo, Swyngomatic, nayo ikaingia nyumba nyingi. Kule Malaysia na Singapore, ambako watoto wamelazwa kwa vizazi kwenye kitambaa kilichoning'inizwa kwa springi, siku hizi mota ya umeme ya kuivuta springi hiyo inauzwa dukani kama feni.

Katikati ya safari hiyo madaktari walijaribu kuizima kazi yenyewe. Mwaka 1894 Luther Emmett Holt, daktari wa watoto wa New York, alitoa kitabu cha maswali na majibu kuhusu malezi, kikasomwa sana. Alifundisha kwamba kumbembeza mtoto hakuna haja, ni mazoea yanayoshika upesi na kuacha tabu. Mwaka 1928 mwanasaikolojia John B. Watson akaenda mbali zaidi, akawaonya wazazi wasiwakumbatie wala kuwabusu watoto ovyo. Bibi zetu wangewasikia wangecheka mpaka wakae chini. Mtoto wa Kiafrika, kwa sehemu kubwa, hakuhitaji hata susu. Alifungwa mbeleko mgongoni, akatikiswa na kila kazi ya siku: kutwanga, kuchota maji, kutembea kwenda shamba. Mgongo ndio uliokuwa susu, na mota yake ilikuwa miguu ya mama, au ya dada mkubwa wa miaka minane.

Sayansi imechukua muda kufika mahali ambapo bibi alikuwa amekaa anasubiri. Mwaka 2011 watafiti wa Geneva waliwalaza wanaume 12 kwenye kitanda kinachobembea taratibu, mara moja kila sekunde nne, kwa dakika 45 za usingizi wa mchana. Walisinzia haraka kuliko walipolala kwenye kitanda kilichotulia. Mwaka 2019 jaribio la panya likaonyesha njia yake: panya wasio na vijiwe vya sikio la ndani, vile vinavyomwambia kiumbe kwamba anasogea, hawakupata faida yoyote ya kubembezwa. Na mwaka 2013 kundi la Kumi Kuroda huko Japani likaonyesha kwamba mtoto mchanga aliyebebwa na mama anayetembea ananyamaza, analegea, na mapigo ya moyo wake yanashuka. Mama akikaa kitako bila kutembea, hali si hiyo. Utafiti wao wa 2022 ukatoa hata kipimo: tembea naye dakika 5, kisha kaa naye dakika 5 hadi 8 kabla ya kumlaza. Kwa maneno mengine, Holt alikosea. Kubembeleza si kudekeza. Mwili wa mtoto unaiitikia ile mwendo. Na lugha yetu ilishatuambia: hebu tamka *bembea*, halafu tamka *bembeleza*.

Niliyapeleka hayo yote kwa shemeji. Alisikiliza kwa adabu, akauliza, "Sasa kamba niweke urefu gani?"

Nilikuwa nimepiga hesabu. Mota nyingi za waipa, katika kasi ya chini, huzunguka kama mara 45 kwa dakika. Pendulumu inayokwenda na kurudi mara 45 kwa dakika inahitaji kama sentimita 44 kutoka inapofungwa hadi katikati ya uzito wake. Ukiiweka mita moja, itataka kwenda mara 30 tu, na hapo mota na susu zitagombana kama watu wawili wanaotwanga kinu kimoja bila kusikilizana. Shemeji alikwisha kuligundua hili kwa njia yake. Alikuwa amefunga mkono wa mota kwenye susu kwa fimbo ya chuma, ikawa inaruka kama daladala kwenye barabara ya vumbi. Akafupisha kamba. Kisha akaitoa fimbo, akaweka kipande cha mpira wa tyubu ya baiskeli kati ya mota na susu, na ghafla ikatulia. Mpira unavuta kidogo, unaachia, susu inakwenda kwa hesabu yake yenyewe. Huygens angemkumbatia.

Usiku ule watu wote nyumbani walilala. Dada yangu alinipigia simu asubuhi, sauti yake nyepesi kama ya msichana. Tulimsifu shemeji wiki nzima. Umeme ukikatika, betri inaendelea.

Usiku wa tisa au wa kumi, ncha ya kanga iliyotandikwa kuzuia mwanga iliteleza ikashikwa na mkono wa mota. Mota ya waipa imetengenezwa isukume kioo chenye maji na upepo wa barabarani. Ina meno ya kupunguza kasi na kuongeza nguvu, na haijui tofauti ya matope na kitambaa. Ikaanza kuivuta kanga, ikiikunja, na kanga ilikuwa imemzunguka mtoto kifuani. Aliyeamka ni yule binti. Alikuwa amelala palepale, kwenye mkeka chini ya susu. Alisema mlio ulibadilika. Aling'oa waya wa betri kwa mkono, akamnyanyua mtoto, ndipo akaita. Mtoto hakupata hata mchubuko.

Asubuhi tulikaa wote uani na hakuna aliyekuwa na maneno mengi. Dada yangu ndiye aliyeuliza swali ambalo mimi na vitabu vyangu hatukulifikia. "Kwani wewe ulikuwa unalala hapo kila siku?" Binti akajibu kwamba ndiyo, hakuna aliyemwambia ahame.

Kumbe mota ilikuwa imeuchukua mkono wake tu. Kazi ya kusikia ilibaki kwake, na hatukuwa tumeihesabu kama kazi. Susu ilipokuwa inasukumwa kwa kidole cha mguu, kulala na kukesha vilikuwa vya mtu mmoja: akisinzia, susu inasimama, mtoto analia, nyumba inaamka. Yule binti alikuwa mota na fyuzi kwa pamoja. Shemeji akaongeza mota akasahau kwamba ile fyuzi bado ilikuwa binadamu aliyelala sakafuni.

Wala si fundi wa Tanga peke yake aliyejikwaa hapo. Mwaka 2009 kampuni ya Fisher-Price ilianza kuuza kitanda kidogo cha kulaza mtoto kwa mwinamo, Rock 'n Play. Wazazi walikipenda kwa sababu watoto walilala. Aprili 2019 ikatangazwa virudishwe vyote, kama milioni 4.7, baada ya vifo vya watoto zaidi ya 30 kuripotiwa. Shingo ya mtoto mchanga haina nguvu: akilala kwa mwinamo, kidevu kinaweza kuangukia kifua na njia ya hewa ikabanwa, au akageuka akakandamiza uso, na hana uwezo wa kujitoa. Mei 2022 Marekani ikapitisha sheria ya kupiga marufuku vitanda vya watoto vyenye mwinamo unaozidi nyuzi 10. Ushauri wa madaktari wa watoto ni mfupi: mtoto alale chali, juu ya kitu bapa na kigumu, bila mito wala nguo zilizolegea. Yaani kinyume kabisa cha susu yetu yenye godoro la kuzama na kanga ya kuzuia mwanga.

Wapo waliojaribu kuijengea mashine sikio. Daktari Harvey Karp, na wenzake, waliingiza sokoni kitanda cha Snoo mwaka 2016, kwa zaidi ya dola 1,000. Kinamfunga mtoto asigeuke kutoka mgongoni, kinasikia akilia, kinaongeza mwendo. Na baada ya dakika chache kama bado analia, kinasimama ili mzazi aje mwenyewe. Mwaka 2023 mamlaka ya chakula na dawa ya Marekani ikakikubali kama kifaa cha kumweka mtoto chali. Katika yote hayo, kinachonigusa zaidi ni ile hatua ya kusimama. Wahandisi walitumia miaka na fedha nyingi kufika pale ambapo mashine inakiri: hapa aitwe mtu.

Shemeji hana dola elfu. Aliifungia mota ndani ya kisanduku cha mbao, akaweka fyuzi ndogo inayokatika mkono ukikwama, na saa ya kuizima baada ya dakika 15. Kanga ikatolewa, na godoro likabadilishwa kwa ubao wenye blanketi moja lililokazwa. Sheria ya nyumba ikawa kwamba susu ni ya mchana, mtu mzima akiwa macho. Usiku mtoto alilala kwenye kitanda bapa chumbani kwa wazazi wake, na akilia aliamka baba au mama. Binti alipewa kitanda, kwenye chumba cha stoo kilichotolewa magunia, mlango ukafungwa. Dada yangu anasema usiku wa kwanza binti alitoka mara mbili kuja kuangalia, kwa mazoea.

Sheria ya ajira ya Tanzania ya mwaka 2004 inakataza kumwajiri mtoto wa chini ya miaka 14. Yule binti alisema ana 17, na naamini alikuwa nayo. Lakini ni mimi niliyesimama hatua tatu kutoka kwake nikijadili volti 12, na sikumwona mpaka Chekhov alipomleta kutoka Urusi.

Ndipo nikampigia mama, nikamuuliza kitu ambacho katika miaka yangu yote sikuwahi kukiuliza. Mimi nilibembelezwa na nani? Mama alikuwa mwalimu; alirudi kazini nikiwa mdogo sana.

"Kulikuwa na katoto kametoka Lushoto," mama akasema. "Kalikuwa kanakubeba mgongoni kutwa nzima. Ukiwekwa chini tu, unapiga kelele."

"Kalikuwa na miaka mingapi?"

"Kumi? Kumi na moja?" Akakaa kimya kidogo. "Kalikaa miaka miwili. Jina lake, mwanangu, limenitoka."

Nikamwambia hapana neno. Tukaongea mengine, bei ya mchele, mvua. Kabla ya kukata simu akarudi tena mwenyewe: "Lilianza na Z, nadhani."

Mtoto wa dada yangu sasa ana miaka minne. Mota iliuzwa zamani, iko kwenye gari la mtu, inafuta mvua. Susu imewekwa darini ikimsubiri mdogo wake. Binti aliondoka mwaka juzi akaenda kujifunza ushonaji Korogwe, na dada yangu bado anaongea naye kwa simu. Mara ya mwisho nilipokwenda kwao niliomba kadi ya kliniki ya mtoto. Nyuma yake, chini ya orodha ya chanjo, palikuwa na nafasi tupu. Nikamuuliza dada jina kamili la yule binti, herufi kwa herufi, na jina la kijiji chao, nikayaandika hapo kwa kalamu ya wino.